Jamii na Mama Mjamzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanarudi kila mara kwenye mikutano ya vijiji, kwenye vikundi vya kina mama na kwenye mabenchi ya kliniki, hasa Tanzania Bara. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye si mganga wala mkunga: mume, mama mkwe, jirani, mwenyekiti wa kitongoji, dereva wa bodaboda, mweka hazina wa kikoba. Hayachukui nafasi ya mkunga. Mjamzito akionekana ana tatizo, acha kusoma, mpeleke kituoni.

Mimba ni ya mtu na mumewe. Kijiji kinaingiaje?

Kinaingia pale ambapo mama mwenyewe hawezi tena kujisaidia. Mama zetu wengi wanaofariki kwa uzazi huuawa na mambo yanayojulikana: kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba, maambukizi, uzazi pingamizi na matatizo ya mimba iliyoharibika. Karibu yote yana tiba, ila tiba hiyo haingoji. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili. Ndani ya saa hizo mbili haendi kukopa fedha, hatafuti pikipiki, hambembelezi mtu amruhusu kuondoka. Hayo yote hufanywa na waliomzunguka, au hayafanyiki.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hebu tazama nani yuko ndani ya kila kimoja. Kuamua kunamhusu mume aliye machimboni na simu haipatikani, na mama mkwe anayesema "subiri kidogo, hata mimi uchungu wangu ulikuwa wa siku mbili". Kufika kunahusu barabara, chombo cha usafiri na nauli. Kuhudumiwa kunahusu zahanati ambayo kijiji kina haki ya kuisimamia. Katika yote matatu, mjamzito ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Kwa hiyo ninaposikia kampeni inayomwambia mwanamke peke yake "wahi kliniki, jifungulie kituoni", naona tumempa mzigo mtu ambaye tayari amebeba.

Lakini si tumeshapiga hatua?

Tumepiga, tena kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Nyuma ya mabadiliko haya kuna vituo vya afya vilivyowekewa vyumba vya upasuaji, wakunga walioajiriwa, magari ya wagonjwa, na familia zilizobadili mazoea.

Ila asilimia 81 maana yake ni kwamba karibu mmoja kati ya watano bado anajifungulia nje ya kituo. Huyo si mtu asiyeonekana. Kila kitongoji kinamjua: anakaa ng'ambo ya mto, au hana mume, au ni binti aliyefichwa ndani, au mara ya mwisho alitukanwa kituoni akaapa kutorudi.

Mjamzito aanze kliniki lini? Kwetu mimba haitangazwi mapema.

Aanze mara anapohisi ni mjamzito, kabla ya wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua manane hadi kujifungua, na mwongozo wa Tanzania nao ukafuata njia hiyo. Ziara ya mwanzo ndiyo inayopima shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI wakati bado kuna muda wa kutibu. Hapo ndipo anapopata vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na chandarua. Dozi za SP za kuzuia malaria huanza mimba ikiingia mwezi wa nne.

Kuhusu kuficha: woga wa kijicho na wa kurogwa upo, na hausaidii kuucheka. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba mara mbili ana sababu ya kutotaka macho ya watu. Cha kufanya ni kutenganisha kwenda kliniki na kutangaza. Mkunga ana wajibu wa kutunza siri. Mhudumu wa afya wa kitongoji naye hivyo hivyo. Mama anaweza kwenda kliniki mwezi wa pili, na majirani wakaja kuona tumbo mwezi wa sita kama mila inavyotaka. Tatizo huja pale ambapo mhudumu anaropoka, na likitokea hilo mara moja, wanawake wa mtaa mzima hurudi kujificha hadi mwezi wa tano au wa sita.

Dalili gani watu wa nyumbani wazijue?

Wote wazijue, hadi watoto wakubwa, kwa sababu mama akianza degedege yeye hawezi kusema.

Kutokwa damu ukeni wakati wowote wa mimba, hata kidogo. Maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, kuona ukungu au nyotanyota, kuvimba uso na mikono. Hizi mara nyingi ni presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Degedege yenyewe, ambayo si mapepo wala haitaki kafara, inataka sindano ya magnesiamu kituoni na safari ya haraka. Homa kali. Maumivu makali ya tumbo. Mtoto kupunguza au kuacha kucheza. Chupa kupasuka kabla ya uchungu kuanza, au maji yenye rangi ya kijani au harufu mbaya. Kushindwa kupumua vizuri, uchovu wa kupindukia, viganja na ulimi kuwa vyeupe. Uchungu unaozidi saa 12.

Baada ya kujifungua: damu inayolowanisha kanga baada ya kanga, kondo la nyuma kutotoka ndani ya nusu saa, homa, uchafu wenye harufu mbaya. Kwa mtoto mchanga: kutonyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kitovu chekundu chenye usaha, manjano kwenye viganja na nyayo.

Dalili moja tu inatosha kuondoka. Usingoje ya pili.

Je, kuna ubaya kumpa dawa za kienyeji za kuongeza uchungu?

Upo, na ni mkubwa. Dawa hizo zinaweza kuufanya mji wa mimba ubane kwa nguvu isiyopimika, mtoto akakosa hewa, mji ukapasuka. Kama mama ameshapewa, mwambieni mkunga bila kuficha mara tu mnapofika. Hatafungwa mtu, na taarifa hiyo hubadilisha matibabu.

Miiko ya chakula nayo iangaliwe kwa jicho hilo hilo. Kumkataza mjamzito mayai, maini au samaki ni kumnyima kile anachokihitaji zaidi wakati damu yake inapungua.

Mume afanye nini hasa? Kliniki wanasema aje naye.

Aende naye angalau mara ya kwanza, apime naye, asikie dalili za hatari kwa masikio yake. Halafu afanye kazi ambayo haionekani: apunguze mizigo ya maji na kuni, aweke fedha kando kidogo kidogo, na atamke mapema, mbele ya mama yake na ndugu zake, kwamba mkewe akiona dalili aondoke bila kumsubiri yeye. Tamko hilo moja lina thamani kuliko kukaa kwenye benchi la kliniki mara nane. Wanawake wengi huchelewa wakisubiri ruhusa ambayo mume angeitoa mara moja kama angeulizwa.

Kuna upande wa pili ambao lazima usemwe. Katika baadhi ya maeneo, mjamzito asiye na mwenza hurudishwa, au huagizwa barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba hana mume. Hilo linamuumiza aliyeachwa, mjane, binti aliyebakwa, na mke ambaye mumewe amekataa tu kuja. Shirika la Afya Duniani linaposhauri kuwashirikisha wanaume, linaweka sharti: kwa namna inayoheshimu matakwa na uhuru wa mwanamke. Kumshirikisha mume ni jambo jema, kumnyima huduma asiye na mume ni kosa. Kama kituo chenu kinafanya hivyo, kamati ya kituo ilisimamishe.

Maandalizi ya kujifungua yaanze lini, na yawe yapi?

Yaanze mwezi wa tano au wa sita, familia ikiwa imekaa pamoja. Mambo ya kukubaliana ni machache. Atajifungulia kituo gani, na akipewa rufaa ni hospitali ipi. Nani atamsindikiza. Nani atabaki na watoto na mifugo. Swali hili hudharauliwa, ila akina mama wengi hukawia kuondoka kwa sababu hakuna wa kumwachia watoto. Usafiri ni wa nani, na namba yake iko wapi. Fedha ziko kwa nani. Nani yuko tayari kutoa damu.

Vikoba vingi tayari vina mfuko wa jamii unaotumika kwenye misiba na ugonjwa. Ongezeni kifungu cha uzazi: mwanachama au mke wa mwanachama akipata dharura, mweka hazina ana ruhusa ya kutoa kiasi mlichokubaliana usiku huo huo kabla ya kikao, na marejesho yapangwe baadaye bila riba. Sharti la kusubiri kikao cha Jumamosi haliendani na uzazi. Na pasiwe na funguo tatu za sanduku kwa watu watatu wanaokaa mbalimbali bila njia ya kulifungua usiku. Kiasi kidogo cha dharura kikae kwenye simu ya mtu mmoja anayeaminika.

Usiku wa manane, hakuna gari. Tunafanyaje?

Pigeni 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2022 baada ya kujaribiwa Kanda ya Ziwa, na ambao umesambazwa mikoa yote. Anayepokea huuliza mama ana nini na yuko wapi, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, humpigia dereva wa kijamii, yaani mtu wa kawaida mwenye gari ambaye ameandikishwa na kupewa mafunzo. Akimfikisha mama kituoni, dereva hulipwa na mfumo kupitia simu. Familia haidaiwi nauli. Huduma hii ni kwa wajawazito wenye dharura, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga wa hadi siku 28.

Kazi ya jamii hapa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Namba ibandikwe dukani, msikitini, kanisani, kwenye kijiwe cha bodaboda. Wenye magari kijijini wahamasishwe kujiandikisha; pasipo na dereva aliyeandikishwa jirani, atatoka mbali. Anayepiga ajue kueleza mahali: jina la kijiji, kitongoji, shule au mti mkubwa wa karibu. Na pale gari lisipopita, vijana watoke na machela au baiskeli kumfikisha barabarani. Vijiji vingine vina zamu ya vijana hao, kama ilivyo zamu ya sungusungu. Mtandao wa simu ukiwa unapatikana kilimani tu, mjulikane mapema nani atakimbia kilimani.

Sisi tunakaa mbali sana, tena masika mto hujaa.

Basi mama asikae nyumbani hadi uchungu. Hospitali na vituo vya afya kadhaa vina nyumba ya mama ngojea, ambayo mahali pengine huitwa chigonela: mjamzito anahamia hapo wiki chache kabla ya tarehe yake, hasa aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye mimba ya kwanza akiwa mdogo, au aliyezaa mara nyingi.

Nyumba hizi husimama au hufa kwa mikono ya jamii. Wanawake hawazikimbii kwa ujinga. Wanazikimbia kwa sababu hakuna jiko, hakuna kuni, vitanda havitoshi, na nyumbani hakuna wa kulima. Kijiji kinachochanga unga na maharage kwa zamu, na majirani wanaopalilia shamba la aliyeondoka, kimefanya kazi ya uzazi sawa na anayeshika mkasi wa kukata kitovu. Wafugaji wanaohama wapange na kituo mapema kuhusu njia watakayopita msimu huo.

Mkunga wetu wa jadi amezalisha kijiji hiki chote. Tumtupe?

Asitupwe. Ila asizalishe nyumbani. Hawezi kuongeza damu, hawezi kupasua, na hana sindano ya kuufanya mji wa mimba ubane baada ya mtoto kutoka, hata mikono yake iwe na ujuzi wa miaka arobaini. Hatari nyingi za uzazi hazipigi hodi. Mama aliyezaa salama mara nne anaweza kuvuja damu mara ya tano.

Alicho nacho ni kitu ambacho kituo hakina: anaaminiwa. Anajua nani ana mimba kabla ya mume kujua. Mpeni kazi mpya ya kumsindikiza mama, kukaa naye wodini, kumkanda mgongo, kumtia moyo, kumwelekeza kunyonyesha, kumtembelea siku za arobaini. Na kama mlikuwa mkimpa kanga, kuku na sukari kwa kuzalisha, endeleeni kumpa kwa kusindikiza. Mkimwondolea heshima na riziki kwa pamoja, atazalisha kwa kificho, na hapo ndipo rufaa huchelewa zaidi, maana ataogopa kusema.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni nani?

Ni mwanakijiji mwenzenu aliyechaguliwa na kufunzwa, ambaye hupita nyumba kwa nyumba. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hawa, wenye lengo la kuwafunza na kuwaweka kazini zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Katika uzazi, huandikisha wajawazito mapema, hukumbusha tarehe za kliniki, hutambua dalili za hatari, na hutembelea mama na mtoto baada ya kujifungua. Hachomi sindano za kuongeza uchungu wala hazalishi.

Mchagueni kwenye mkutano wa hadhara, na mchagueni mtu ambaye mwanamke anaweza kumweleza jambo la aibu. Undugu na mwenyekiti si sifa.

Habari ya damu: si ni kazi ya hospitali?

Hospitali hutunza damu, haitengenezi. Damu yote hutoka kwa watu, na haikai muda mrefu. Chupa iliyotolewa leo huharibika baada ya wiki tano hivi hata ikiwa kwenye jokofu. Ndiyo maana uchangiaji wa mara moja kwa mwaka, siku ya sherehe, hautoshi. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke asiye mjamzito wala anayenyonyesha kila baada ya miezi minne, kuanzia umri wa miaka 18 na uzito wa kilo 50. Timu za mpira, kwaya na madrasa zipange zamu na kitengo cha damu salama cha hospitali ya wilaya.

Na ndugu wa mjamzito msisubiri kuambiwa "tafuteni mtu wa kutoa damu" mama akiwa mezani. Watu wawili au watatu wawe wameshapima na kujua wanaweza kuchangia.

Tunaambiwa huduma ya uzazi ni bure. Mbona tunaagizwa glavu, pamba na nyembe?

Sera ya Afya ya 2007 inasema wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Upungufu wa dawa na vifaa ndio uliozaa desturi ya kuagiza. Ushauri wangu una pande mbili na zote nazishika kwa nguvu.

Kwanza, jiandaeni. Kama kituo chenu kina historia ya kuishiwa, weka vifaa kidogo kidogo nyumbani, maana mama anayeumwa uchungu si wa kutumika kama hoja. Pili, msikubali iwe kawaida. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za zahanati na vituo vya afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wajumbe kutoka miongoni mwenu, ndiyo inayopitia mpango na matumizi. Je, unawajua wajumbe wako kwa majina? Wengi hawawajui. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Simama uulize: kituo kilipokea kiasi gani, kilinunua nini, sindano za kuzuia damu na za kifafa cha mimba zipo au hazipo, ziliisha lini? Mtu asijibiwe kwa ukali kwa kuuliza hayo. Uulizaji huo ndio ushiriki wenyewe, kuliko kubeba mawe ya msingi na kupiga makofi siku ya uzinduzi.

Anayedai fedha za mfukoni ili ahudumie mama anaomba rushwa. TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Maswali na malalamiko ya huduma yanaweza pia kupelekwa Wizara ya Afya kwa 199.

Kuna muuguzi anatukana wazazi. Ndiyo maana wake zetu hawaendi.

Naamini, kwa sababu wanawake wa dunia nzima wamesema hivyo. Utepe Mweupe, muungano wa kimataifa wa uzazi salama, uliwauliza karibu wanawake na wasichana milioni 1.2 katika nchi 114 wanataka nini katika huduma ya uzazi. Ombi lililoongoza lilikuwa kuhudumiwa kwa heshima na utu. Lilitangulia dawa, lilitangulia hata majengo.

Msimalize kwa kugombana mlangoni. Andikeni tukio, tarehe na zamu. Pelekeni kwa mganga mfawidhi na kamati, na likikaliwa lifike kwa mganga mkuu wa wilaya. Wakati huo huo ulizeni hali za muuguzi mwenyewe. Mkunga mmoja anayekesha peke yake usiku wa tatu mfululizo, bila taa na bila maji, hana kisingizio cha kutukana, lakini ana shida ambayo kijiji kinaweza kuipunguza: nyumba ya kuishi karibu na kituo, tanki la maji, mlinzi wa usiku. Wanakijiji wanaompokea mtumishi mgeni na kumpa chakula wiki ya kwanza hupata wakunga wanaokaa.

Jingine: dai msindikizaji. Mama mwenye mtu wake pembeni wakati wa uchungu hupata utulivu zaidi, huwa na nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na si rahisi kutukanwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo kwa kila mzazi, na mkoani Kigoma shirika la Thamini Uhai lilionyesha kwamba jambo hili linawezekana hata kwenye vituo vya kawaida. Kikwazo kikubwa ni wodi zisizo na faragha. Mapazia matatu ya kitenge yaliyoshonwa na kikundi cha wanawake hutatua sehemu kubwa ya kikwazo hicho.

Vikundi vya wanawake kukaa na kuzungumza tu, vinaokoa nani?

Swali hili limepimwa vizuri kuliko mengi. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio saba kutoka Nepal, India, Bangladesh na Malawi, yenye vizazi zaidi ya 119,000. Pale ambapo angalau asilimia 30 ya wajawazito walishiriki vikundini, vifo vya uzazi vilipungua kwa karibu nusu, na vya watoto wachanga kwa takriban theluthi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi hivyo kwa maeneo ya vijijini yenye huduma haba.

Siri haikuwa mihadhara. Mwongoza kikundi alikuwa mwanamke wa hapo hapo, si mganga. Kikundi kilipita hatua nne: kutaja matatizo yao wenyewe, kuchagua la kuanza nalo na kupanga, kutekeleza pamoja na wanakijiji wengine, kisha kujipima. Wa Makwanpur, Nepal, waliishia kuanzisha mifuko ya dharura na machela za kubebea wagonjwa milimani. Penye mto tatizo litakuwa mtumbwi. Penye mgodi litakuwa waume wasiopatikana. Akija mtu wa mradi na orodha ya mada kumi na mbili zilizopangwa mjini, mwambieni kwa adabu asubiri, kwanza mseme yenu.

Angalizo moja: vikundi husaidia wanaohudhuria. Binti wa miaka 16 na mama asiye na kanga nzuri ya kuvaa hawatakuja wenyewe. Wafuatwe.

Binti yetu wa shule ana mimba. Tunaona aibu.

Aibu yenu inaweza kumuua. Mwili mdogo una hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya uzazi pingamizi, na uzazi pingamizi unaochelewa ndio unaoleta fistula, yaani tundu linalomwacha msichana akivuja mkojo au haja kubwa. Apelekwe kliniki sasa hivi, ajifungulie hospitali yenye upasuaji, asizomewe na mtu yeyote njiani wala wodini. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Nendeni kwa mwalimu mkuu mapema. Kama alibakwa au ana umri mdogo, suala la kisheria lishughulikiwe na watu wazima, wala lisiwe sababu ya kumchelewesha kituoni.

Na kama katika kijiji chenu kuna mwanamke aliyejitenga kwa sababu ya harufu, aelezwe kwamba fistula inatibika. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu bila malipo.

Akishajifungua salama, kazi imekwisha?

Hapana. Sehemu kubwa ya vifo hutokea baada ya mtoto kutoka. Akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe siku ya tatu, kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na wiki ya sita. Wanaokuja kumwona mtoto wanawe mikono, walete uji na maji, wafue, wasikae hadi usiku. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, asipewe maji wala kitu kingine, kitovu kisipakwe chochote ambacho mkunga hakuagiza. Mtoto njiti abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, na baba na bibi wanaweza kumpokezana.

Mama akilia siku nyingi, akikosa usingizi hata mtoto amelala, akisema hana thamani au anamwogopa mwanawe, huyo anaumwa. Asiitwe mvivu wala mwenye pepo. Asiachwe peke yake, na apelekwe kituoni.

Na mama akifariki, kijiji kifanye nini zaidi ya kuzika?

Kitoe taarifa. Kifo cha mwanamke mjamzito, au aliyejifungua ndani ya siku 42, kinapotokea nyumbani au njiani, kiripotiwe kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha afya ndani ya saa 24, kwa sababu vifo visivyoripotiwa havimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kila kifo cha uzazi kinatakiwa kupitiwa na timu ya wilaya. Watakuja kuwauliza wanafamilia nini kilitangulia: maumivu yalianza lini, nani aliambiwa, gari lilitafutwa saa ngapi, kituoni walipokelewa vipi. Jibuni yote, hata yale yanayowaumiza. Mapitio haya hayafanywi ili kumkamata mtu, na msiwanyooshee kidole mume au mama mkwe msibani.

Mnachostahili kupata ni majibu. Timu ikishamaliza, mwenyekiti aandike barua kwa mganga mkuu wa wilaya kuomba mrejesho usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, bila kutaja siri za marehemu: ni kitu gani kilikosekana, nani atakirekebisha, na kwa tarehe ipi. Iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, ili ule wa miezi mitatu baadaye uanze nayo.